Lupasi na mbiu isiyonyamaza

Kabla ya vidonge vya kisasa vya homa ya ini aina ya C kuanza kupatikana mwaka 2013, wagonjwa wengi wa homa hiyo walitibiwa kwa sindano za intaferoni. Intaferoni ni molekuli ambayo mwili wenyewe huitengeneza ukivamiwa na virusi. Wataalamu waliona kwamba mgonjwa akiongezewa nyingine kutoka nje, virusi vitadhoofika, na kwa baadhi ya wagonjwa vilidhoofika kweli. Lakini sindano hizo, ambazo mtu alichomwa kwa wiki 24 au 48, zilikuja na mateso yake: homa, baridi kali, viungo kuuma, kichwa kuuma, chembe nyeupe za damu kushuka, nywele kupukutika, hamu ya chakula kupotea, huzuni nzito iliyowafikisha wengine kufikiria kujiua, na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Watu waliokuwa wakichapa kazi bila shida walishindwa kutoka kitandani.

Msomee orodha hiyo mtu yeyote mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Atadhani unamsimulia maisha yake.

Mdogo wangu wa kike ana lupasi, na mimi nafanya kazi maabara hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo ugonjwa huu naujua kwa pande mbili: kazini, kwenye sampuli za damu na mkojo, na nyumbani, kwenye chumba ambacho siku nyingine mlango haufunguliwi mpaka jua limepanda. Nina jambo moja la kusema na nitalisema kwa urefu. Uchovu wa lupasi, homa zake na maumivu yake ya viungo hutengenezwa na molekuli zenye majina, molekuli zinazoweza kupimwa, ambazo zikichomwa kwenye mwili wa mtu mwingine mwenye bidii zake zote zitamlaza vilevile. Anayemwita mgonjwa huyu mvivu anamwonea. Na anayesema amelogwa, kisha akamzungusha kwa waganga miezi sita, anampotezea muda ambao figo zake hazina.

Tuanze na molekuli zenyewe. Seli za kinga hupeana taarifa kwa kutoa protini ndogondogo ziitwazo saitokini. Seli moja ikizitoa, seli nyingine yenye kipokezi chake huzinasa na kubadili mwenendo: itagawanyika, itahama, itaanza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kushika wavamizi, au itajiua. Nyingine husafiri na damu mpaka kwenye ubongo na kuuambia upandishe joto la mwili, ukate hamu ya chakula, umlaze mtu. Zimo intaferoni, zimo intalukini ambazo wataalamu wamezipa namba tu, ipo TNF inayochochea uvimbe, ipo BAFF, na nyingine nyingi. Kidole chenye kidonda kikivimba, kikawa chekundu, kikapata moto na kuuma, hiyo ni kazi yake, na bila kazi hiyo kidonda kidogo kingeweza kutuua.

Intaferoni iligunduliwa mwaka 1957 katika maabara ya Mill Hill, London, na Alick Isaacs pamoja na Jean Lindenmann, kijana aliyetoka Uswisi. Walichukua virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, wakavichanganya na utando wa mayai ya kuku, kisha wakaona kwamba majimaji yaliyotoka humo yaliweza kuzilinda seli nyingine zisizoguswa kabisa na virusi hivyo. Kuna kitu kilikuwa kinatolewa na seli na kuzipa seli nyingine tahadhari. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na intaferoni ndiyo mbiu hiyo: seli iliyoingiliwa huipiga, na zinazoisikia huwasha mamia ya jeni za kujihami. Jambo likiisha, mbiu hunyamaza.

Kwa mtu mwenye lupasi mbiu inalia na virusi havipo.

Dalili za hilo zilikuwepo mapema. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba damu ya wagonjwa wa lupasi ina intaferoni nyingi, hasa wakati ugonjwa umeamka. Lakini kuikuta molekuli kwenye damu ya mgonjwa hakuthibitishi kwamba ndiyo inayomuumiza. Huenda ni matokeo ya ugonjwa tu, kama moshi baada ya moto. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Uppsala, Sweden. Huko mwaka 1990 Lars Rönnblom na wenzake waliandika habari za mgonjwa mwenye saratani ya aina ya kasinoidi aliyekuwa akitibiwa kwa intaferoni alfa. Akiwa katika matibabu hayo alipata lupasi. Visa vya namna hiyo viliendelea kuripotiwa kwa wengine waliochomwa dawa hiyo. Kisha mwaka 2003 makundi kadhaa ya watafiti, likiwamo moja la Minnesota na jingine la Dallas lililochunguza watoto, yalisoma jeni zilizowashwa katika chembe nyeupe za wagonjwa, na yote yakakutana na kitu kilekile: jeni zinazowashwa na intaferoni zilikuwa zimewashwa kwa pamoja. Alama hiyo inaonekana kwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye lupasi, na kwa karibu watoto wote wenye ugonjwa huu.

Hapo naelewa kilichompata mdogo wangu mwaka wa kwanza. Alikuwa na homa za jioni, viungo vinauma, mwili umechoka, chembe nyeupe zimeshuka. Kila alipoenda kwenye zahanati aliambiwa malaria. Kipimo kikikataa, anaambiwa taifodi. Taifodi ikitibiwa na homa ikabaki, anaambiwa UTI. Alimeza dawa mseto, alimeza antibiotiki, alichomwa sindano, na homa ilirudi palepale. Sitaki kumlaumu mhudumu mmojammoja, maana mwili wake kweli ulikuwa unafanya kile ambacho mwili hufanya ukiwa na virusi: intaferoni zimepanda, joto limepanda, chembe nyeupe zimeshuka. Kwa macho tu ni vigumu kutofautisha. Lakini homa isiyo na vimelea kwenye damu, inayojirudia kwa mwanamke kijana, pamoja na vidonda mdomoni na nywele zinazonyonyoka, inataka mtu asimame na kujiuliza swali jingine. Lupasi huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Katika kila wagonjwa 10, takribani 9 ni wanawake.

Sasa kwa nini mbiu inapigwa wakati hakuna adui?

Kila siku mabilioni ya seli zetu hufa na kusafishwa kimyakimya. Ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna DNA, kitu ambacho mfumo wa kinga haukuzoea kukikuta kimezagaa nje. Katika lupasi usafi huu hulegea. Watu wachache wanaozaliwa bila protini ya damu iitwayo C1q, ambayo moja ya kazi zake ni kusaidia kuondoa mabaki ya seli, karibu wote huishia kupata ugonjwa wa lupasi au unaofanana nao sana. Isitoshe, chembe nyeupe aina ya nyutrofili zina tabia ya kufa kwa kutema DNA yao nje kama wavu wa kunasia bakteria, na kwa wagonjwa wa lupasi nyavu hizo hutemwa ovyo na hazisafishwi upesi.

Mabaki haya hukutana na kingamwili zilizokosea njia, zile tunazozitafuta maabara kwa kipimo cha ANA, yaani kingamwili dhidi ya kiini cha seli, na cha kingamwili dhidi ya DNA. Kingamwili na DNA hushikana na kuwa fundo moja. Kisha fundo hilo humezwa na seli adimu sana, dendriti aina ya plazmasitoidi, ambazo hazifikii hata asilimia 1 ya chembe nyeupe zinazozunguka kwenye damu. Ndani ya vifuko vya seli hizo kuna vitambuzi viwili, TLR7 inayotambua RNA na TLR9 inayotambua DNA, na vyote viwili viliwekwa pale kwa ajili ya vijidudu. Vikikutana na fundo lile haviwezi kujua kwamba ni mali ya mwenye mwili. Seli hiyo moja hufumua intaferoni kwa wingi usiolinganishwa na wa seli nyingine yoyote, mara mia hadi elfu zaidi.

Kuanzia hapo mambo hujizungusha. Intaferoni huziamsha seli nyingine za kinga, nazo hutoa BAFF, molekuli inayozifanya seli B, zile zinazozalisha kingamwili, zisife. Seli B zinazoishi kuliko inavyostahili huzalisha kingamwili nyingi zaidi, kingamwili hushika DNA zaidi, mafundo huongezeka, intaferoni huongezeka. Mafundo mengine hukwama kwenye vichujio vya figo na kuita uvimbe huko. Ndiyo maana ugonjwa ukishaamka hautulii wenyewe kwa kupumzika wikendi moja.

Jua nalo limo katika mzunguko huu. Mionzi ya jua huua seli za ngozi na kumwaga vilivyomo, lakini si hilo tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba ngozi ya mgonjwa wa lupasi hutoa intaferoni ya aina ya kapa hata pale ambapo haina upele wowote, hivyo ngozi inakaa tayari kuwaka kabla jua halijaigusa. Kwa mji kama huu wetu hilo ni jambo zito. Mtu akikaa kituoni kusubiri daladala saa saba mchana, jioni viungo vinaanza kumuuma. Mdogo wangu hatoki bila mwavuli na mikono mirefu, na kuna watu wanaomwambia anajifanya mzungu. Naomba waache.

Na kwa nini wanawake? Homoni zina sehemu yake, ila maelezo yanayonishawishi zaidi yako kwenye kromosomu X. Jeni ya TLR7 imo humo. Mwanamke ana X mbili, na moja huzimwa ili zisizidi kipimo, lakini katika baadhi ya seli za kinga TLR7 hukwepa kuzimwa. Wanaume wachache wanaozaliwa na X ya ziada, yaani XXY, hupata lupasi takribani mara 14 zaidi ya wanaume wengine, karibu sawa na wanawake. Mwaka 2022 kundi la watafiti lililoongozwa na Carola Vinuesa lilieleza habari za msichana wa Hispania aliyepata lupasi kali akiwa na miaka 7. Herufi moja tu ya jeni yake ya TLR7 ilikuwa imebadilika, na kitambuzi chake kikawa kinawaka kupita kiasi. Walipoweka badiliko hilohilo kwenye panya, panya nao wakaugua lupasi.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kuna sehemu ya hadithi hii inayotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa kama lupasi ni adimu mno hospitalini pale, na akauliza kama malaria na vimelea vingine ndivyo vinavyoyazuia. Leo tunajua kwamba sehemu ya uadimu huo ni kutopimwa tu. Asiyetafuta hapati. Lakini swali lake lilikuwa na maana, kwa sababu wanawake weusi wa Marekani, ambao asili yao ni Afrika Magharibi kwa sehemu kubwa, wanaugua lupasi mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake weupe wa hukohuko, na figo zao huumia zaidi.

Jibu moja lilipatikana kwenye breki. Seli B na makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, zina kipokezi kiitwacho FcγRIIB ambacho kazi yake ni kuzipunguza kasi. Kuna aina ya jeni ya kipokezi hicho ambayo breki yake haishiki. Aina hiyo iko kwa wingi zaidi kwa watu wa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki kuliko Ulaya, yaani pale ambapo malaria imekaa vizazi na vizazi. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata lupasi. Mwaka 2010 utafiti uliowahusisha watoto wa Kenya ulionyesha upande wa pili: waliorithi breki hiyo mbovu kwa wazazi wote wawili walikuwa wamekingwa zaidi dhidi ya malaria kali. Katika majaribio, makrofaji zisizo na breki humeza seli zenye vimelea kwa pupa na kutoa TNF nyingi zaidi. Kwa mtoto wa pwani mwenye malaria hilo ni wokovu. Kwa binti wa miaka 24 anayeishi mjini na kulala ndani ya chandarua, ukali huohuo unaweza kugeukia viungo vyake. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilimpigia mdogo wangu simu usiku, kwa sababu alikuwa amewahi kuniuliza akilia, "Dada, nimekosa nini mimi?" Hakukosa kitu. Huenda babu zetu walipona malaria kwa sababu ya kilekile kinachomuumiza yeye.

Nieleze sasa kitu kimoja ambacho nakiona kazini na ambacho kinawachanganya hata madaktari wachanga. Kuna vipimo viwili vya kawaida vya kujua kama kuna uvimbe mwilini, ESR na CRP. ESR ni kipimo cha zamani: damu inawekwa kwenye mrija mwembamba uliosimama wima, inaachwa saa nzima, kisha unasoma chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Kwa mwanamke kijana mwenye afya hazivuki 20 au hapo karibu. Mrija wa mdogo wangu siku ugonjwa ulipoamka ulikuwa na majimaji ya manjano juu na damu imejikusanya chini kabisa, nilisoma 104. CRP yake, iliyotoka kwenye damu ileile iliyochotwa asubuhi ile, ilikuwa 4, kawaida kabisa.

Vipimo viwili vya jambo moja, na kimoja kinasema moto mkubwa, kingine kinasema shwari. Ufafanuzi uko kwenye molekuli. CRP ni protini inayotengenezwa na ini likipata amri ya intalukini-6. Lupasi ina intalukini-6 ya kutosha, lakini intaferoni alfa hulikataza ini kutoa CRP. ESR haina kizuizi hicho: kingamwili zikijaa kwenye damu, chembe nyekundu hushikamana kama sahani zilizopangwa na kuzama haraka. Kwa hiyo ESR ikipanda peke yake kwa mgonjwa wa lupasi, mara nyingi ni ugonjwa wake umeamka. CRP ikipanda sana, fikiria kwanza maambukizi ya bakteria, au maji yamejaa kwenye utando wa mapafu au wa moyo. Tofauti hii ni ya kufa na kupona, kwa sababu ugonjwa ulioamka unahitaji kupunguziwa kinga, na maambukizi yanahitaji antibiotiki upesi. Ukikosea hapo unampoteza mtu. Vipimo vyote viwili vinapatikana kwenye hospitali zetu nyingi, na naumia nikiona fomu imeagiza kimoja tu.

TNF nayo ina vituko vyake. Katika baridi yabisi, dawa za kuizuia zimewainua watu waliokuwa hawawezi kushika kikombe. Mtu angetarajia ziwafae wenye lupasi pia, lakini baadhi ya wanaotumia dawa hizo kwa magonjwa mengine hupata kingamwili dhidi ya DNA, na wachache hupata dalili kamili za lupasi, ambazo huondoka dawa ikisimamishwa. TNF na intaferoni huzuiana. Ukiibana moja, nyingine hupata nafasi. Intalukini-2, inayozilisha seli T za kutuliza kinga, ni pungufu katika lupasi, na watafiti wanajaribu kuirudisha kwa dozi ndogo. Haya yananikumbusha kila mara kwamba "kuongeza kinga" si maneno ya kumwambia mtu mwenye lupasi. Zile dawa za majani na unga wa kuongeza kinga zinazouzwa kwenye mabasi na mitandaoni, tafadhali, msimnunulie.

Dawa iliyo nguzo ya matibabu ya lupasi, haidroksiklorokwini, ni binamu wa dawa tunayoifahamu sote, klorokwini ya malaria. Mwaka 1894 daktari wa London, Joseph Payne, alieleza matumizi ya kwinini, dawa ya zamani ya malaria, kwa lupasi ya ngozi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari waliopewa mepakrini kukinga malaria walionekana vipele na viungo vyao vikipata nafuu, na mwaka 1951 Francis Page aliandika kuhusu mepakrini kwa wagonjwa wa lupasi. Klorokwini na haidroksiklorokwini zikafuata. Sisi klorokwini tunaikumbuka kwa uchungu wake na kwa kuwasha mwili mzima, mpaka Tanzania ilipoiacha kwa malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Kwa lupasi haijapoteza nguvu, maana hapa haipambani na kimelea. Haidroksiklorokwini huingia kwenye vile vifuko vya ndani ya seli, hubadili uchachu wake, na TLR7 na TLR9 zinashindwa kuliona fundo la DNA na RNA. Mbiu inapigwa kwa sauti ndogo zaidi.

Haifanyi kazi kwa siku mbili kama dawa ya maumivu. Inachukua wiki hata miezi, na faida yake kubwa iko kwa anayeimeza kila siku, hata akiwa mzima kabisa. Wanaoiacha kwa kujisikia vizuri huamsha ugonjwa. Kwa kawaida inaendelea hata wakati wa ujauzito, kwa ushauri wa daktari. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, kwani ikikaa sana inaweza kudhuru retina. Mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia kwa ajili ya korona bila ushahidi, wagonjwa wa lupasi sehemu nyingi waliikosa madukani. Nilishuhudia hofu hiyo nyumbani kwetu.

Prednisoloni ni jambo jingine. Huzima jeni za saitokini nyingi kwa mpigo, na ndiyo maana humwinua mtu haraka. Lakini inazima bila kuchagua: sukari hupanda, mifupa hulika, uso hujaa, presha hupanda, maambukizi hupata mlango. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 unataka dozi ya kudumu isizidi miligramu 5 kwa siku, na ikiwezekana iachwe. Iachwe polepole, kwa mkono wa daktari. Kuiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu kunaweza kumuua mtu, kwa kuwa tezi za juu ya figo zinakuwa zimeacha kutengeneza homoni yake.

Kujua molekuli kumeleta dawa zinazolenga mahali pamoja. Belimumab, inayoizuia BAFF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na ilikuwa dawa mpya ya kwanza ya lupasi baada ya zaidi ya miaka 50. Kuzuia intaferoni kulikuwa kugumu zaidi. Dawa za kwanza, ambazo ni kingamwili zilizotengenezwa maabara, zilikamata intaferoni alfa peke yake, na matokeo yalikuwa hafifu. Sababu inaeleweka: intaferoni za kundi la kwanza ni nyingi, za alfa tu ni aina 13, na bado kuna beta, kapa na nyingine. Lakini zote hugonga mlango mmoja, kipokezi kiitwacho IFNAR. Anifrolumab inakifunga kipokezi chenyewe. Jaribio kubwa la kwanza halikufikia kipimo kikuu kilichowekwa, wengi wakakata tamaa. La pili, lililoongozwa na Eric Morand wa Melbourne na kuchapishwa mwaka 2020, lilifaulu: waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.8, dhidi ya 31.5 ya waliopewa maji yasiyo na dawa. Mkanda wa jeshi uliwapata zaidi waliopewa dawa, asilimia 7.2 dhidi ya 1.1, jambo linaloeleweka, maana ukiizima mbiu, virusi vya kweli navyo hupita. Dawa iliidhinishwa Marekani Julai 2021.

Naziangalia namba hizo kwa macho mawili. Asilimia 47.8 maana yake zaidi ya nusu hawakufikia nafuu iliyokusudiwa, hata baada ya mlango wa intaferoni kufungwa, kwa hiyo lupasi si intaferoni peke yake. Na uchovu pia si wa saitokini peke yake: upungufu wa damu, usingizi mbovu, figo, maumivu na dawa zenyewe vinachangia, na kila kimoja kinatafutwa na kutibiwa kivyake. Jicho la pili linaangalia nani alishiriki. Majaribio ya mwanzo ya belimumab yalikuwa na wagonjwa weusi wachache mno kiasi kwamba haikujulikana kama inawafaa, ikabidi ufanywe utafiti mwingine kwa ajili yao, ambao haukufikia lengo lake kuu ingawa wenye ugonjwa mkali zaidi walionekana kunufaika. Watu wenye hatari kubwa zaidi ndio waliohesabiwa mwisho. Dawa hizi zikija kwetu kwa bei inayolipika, zije na utafiti uliofanywa ndani ya hospitali zetu, kwa damu ya watu waliokua na malaria.

Kwa sasa sina mashine ya kupima jeni za intaferoni, na hospitali nyingi hapa hazinayo. Ninacho kijiti cha mkojo. Figo huumia kimyakimya, bila maumivu, kwa hadi nusu ya wenye lupasi, na kitu cha kwanza kuonekana ni protini kwenye mkojo. Kijiti kinachovywa, kinasubiriwa dakika moja, rangi inalinganishwa na iliyo kwenye kopo. Mdogo wangu naye amejifunza kukisoma. Aliye na ndugu mwenye lupasi amwulize lini alipima mkojo mara ya mwisho, na kama ni zaidi ya miezi mitatu, waende wiki hii. Kijiti kikionyesha protini, kipimo kirudiwe kwa kiasi kamili, na wafike kliniki ya figo bila kusubiri tarehe ya mwezi ujao.